Kitabu cha Msomaji Mmoja

Ushetu,
14 Januari 2024

Kwa Bi Shamimu,

Shikamoo. Mimi naitwa Scolastika, ni mkulima wa tumbaku huku Ushetu. Jina lako nimepewa na yule mwalimu mkuu mstaafu wa Tinde uliyemsaidia kutoa kitabu cha maisha yake. Alisema unasoma kazi ya mtu mstari kwa mstari na huna maneno ya kumbembeleza mtu. Nikasema basi huyo ndiye ninayemtaka.

Nimeandika hadithi. Ni ya mwanamke ambaye mume wake alikwenda Geita kuchimba dhahabu, akamwachia mtoto wa miaka minne na nyumba iliyoishia kwenye lenta. Nimeiandika nikiwa banini, maana tumbaku ikishaingizwa humo kukaushwa lazima mtu akae kuchochea moto, na kukaa bure kunachosha. Samahani kwa harufu ya moshi kwenye karatasi.

Kabla yako nilimpa kijana mmoja wa stesheneri mjini, akasema yeye anachapisha vitabu. Alichukua pesa, akakaa kimya, halafu akanipa fotokopi zilizobanwa kwa pini, na mbele ameweka picha ya bibi harusi wa Kizungu kashika maua. Nikamuuliza huyu ni nani, akanijibu kwamba ndiyo kava. Ndiyo maana safari hii nataka kumlipa mtu anayeijua kazi, hata kama ni ghali. Pesa ya kuanzia nimeshaituma kwenye namba yako.

Naomba usinipigie. Huku mtandao unashika juu ya kichuguu kimoja tu, na pale kila mtu anasikiliza, shemeji yangu akiwemo. Bahasha itume kwa basi la Kahama, nitaichukua ofisini kwao siku nikienda mnadani. Kitu kingine, kitabu kiwe tayari kabla soko la tumbaku halijafungwa. Tafadhali sana kwa hilo.

Ni mimi,
Scolastika (Mama Masalu)


Shinyanga,
2 Februari 2024

Mama Masalu,

Marahaba, mwanangu. Bahasha imefika, na moshi wake umefika pia.

Kwanza tuelewane unalipia nini, maana hapo ndipo watu hugombana. Mimi si kampuni. Nilifanya kazi kwa wachapishaji Dar es Salaam miaka mingi, nikarudi hapa kwenye nyumba ya wazazi wangu, na sasa nawahudumia wanaotoa vitabu vyao wenyewe. Nahariri, napanga kurasa, namtafuta mchoraji wa jalada, nasimama mtambo ukichapa. Kitabu ni chako, hasara ni yako, sifa ni zako. Zaidi ya yote unanilipa nikwambie ukweli kabla watu hawajakwambia barabarani. Wateja wangu wengi ni wachungaji na wastaafu. Hulipa vizuri tu, halafu hununa.

Ukweli wenyewe ni kwamba unajua kuandika. Pale mwanamke anapopanda kuezeka nyumba mwenyewe, huku wanaume wa ukoo wamekaa chini kwenye viti wanamwelekeza pa kupiga msumari, nilicheka mpaka fundi cherehani niliyempangisha chumba cha mbele akaja kuuliza kuna nini. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka humu ndani.

Lakini kuna mambo. Una kurasa nzima za kueleza njia ya kufika nyumbani kwa huyo mwanamke: ukishuka kwenye basi usipite kule kwa zamani, pita kwenye kisima kipya, uzunguke shamba la nani sijui. Msomaji haendi huko, ya nini kumchosha? Nimezikata. Pia umetaja mpaka mahali ufunguo unapowekwa. Nimekata. Na sura ya mtoto uliyemwazima jina la mwanao, urefu wake, namba ya viatu vyake, anavyokoroma, hiyo nimeipunguza.

Kubwa kuliko yote, hadithi yako haina mwisho. Mume kaondoka, mke anangoja, basi, karatasi zimekwisha. Mtu aliyetoa pesa yake kununua kitabu hawezi kukubali. Ushauri wangu ni mume afe. Duara, lile shimo la machimbo, limporomokee akiwa ameshapata dhahabu na kesho yake ndiyo safari ya kurudi. Watu watalia, na kitabu kitauzika.

Niambie pia msomaji wako ni nani. Nikijua hilo kazi itakwenda haraka.

Wako,
Shamimu Abdulshakur


Ushetu,
19 Februari 2024

Bi Shamimu,

Shikamoo. Usimuue.

Nilipaswa kukwambia tangu mwanzo, niliona aibu. Ile siyo hadithi ya kutunga. Yule ni mume wangu, mwanamke ni mimi, mtoto ni Masalu. Aliondoka mwaka 2015. Mwaka wa kwanza alikuwa anapiga simu na kutuma matumizi. Wa pili akapiga Krismasi. Baada ya hapo namba haikupatikana tena. Nimekwenda kumtafuta mara mbili, lakini machimbo hayahesabiki, leo watu wako hapa, wakisikia pengine kumetoka dhahabu wote wanahamia huko. Nilirudi mikono mitupu, na mara ya pili nilirudi na malaria.

Umeniuliza msomaji wangu ni nani. Ni yeye. Wengine wakisoma nitashukuru, ila nimekiandika kwa ajili yake.

Usinione kichaa. Ritha, binti wa mama yangu mdogo, anawapikia wachimbaji huko. Anasema wakiwa wanangoja zamu ya kuingia duarani husoma chochote, hata kipande cha gazeti kilichofungia maandazi, na kikiwa kitamu wanapeana, kinatoka kambi hii kinakwenda ile. Nikawaza, mimi siwezi kuingia kila kambi, ila kitabu kinaweza.

Ndiyo maana nimeweka njia. Kisima kile kimechimbwa yeye ameshaondoka, na njia aliyoizoea yeye, mtu kaifunga kwa shamba. Ndiyo maana nimeweka ufunguo, akija sipo asikae nje. Na Masalu alimwacha mdogo, akipishana naye leo hamjui. Naomba uvirudishe vyote. Kama vinaongeza gharama nitalipa.

Sasa kuhusu haraka yangu. Shemeji yangu Eustace, ambaye ni kaka mkubwa wa Baba Masalu, amekaa na wazee wa ukoo wakakubaliana. Soko la tumbaku likifungwa, watamkalia msiba bila maiti. Mbuzi wameshatengwa. Msiba ukishakwisha mimi ni mjane, shamba linarudi kwa ukoo, na natakiwa nichague mmoja wa wadogo zake au nirudi kwetu. Mimi sikatai kuwa mjane. Nakataa kuzika mtu ambaye sina hakika amekufa.

Scolastika


Shinyanga,
1 Machi 2024

Mwanangu Mama Masalu,

Nisamehe kwa yale ya duara kuporomoka. Nimeirudisha njia yote, kisima, ufunguo na viatu vya mtoto. Nimesoma tena kuanzia mwanzo nikiwa najua, na mara nyingine ilinibidi niweke kalamu chini.

Mimi mume wangu Salmini nilimzika. Nilikuwepo, kaburi nalijua lilipo, na siku nikipata nauli ya kwenda Dar nakwenda kulisalimia. Hatukujaliwa mtoto. Nilidhani hakuna upweke unaouzidi huu wangu, wa kupika chungu kidogo na bado kibaki. Kumbe upo wa kupika cha kutosha kwa sababu huenda mtu akatokea.

Sasa nisikilize kama mtu unayemlipa. Kitabu kizima unamwita Baba Masalu. Baba Masalu kasema, Baba Masalu kaondoka. Kanda hii kina Masalu wamejaa, kila kijiji wapo. Mchimbaji akisoma atajuaje ni Baba Masalu yupi? Mwenzake akitaka kumwambia kuna kitabu chako huku, atamwita nani? Kitabu cha kumtafuta mtu hakiwezi kuficha jina la mtu. Nahitaji jina lake, na litaingia kila mahali, kuanzia ukurasa wa kwanza. Katika mengine nitakusikiliza, ila hili ni la utaalamu na sitaki tubishane.

Shamimu


Ushetu,
17 Machi 2024

Bi Shamimu,

Shikamoo. Kwetu mwanamke hamtaji mume wake kwa jina. Hata kliniki nesi aliponiuliza jina la baba wa mtoto nilimsogezea kadi asome mwenyewe. Siku najifungua Masalu niliita mama, niliita Mungu, niliita na majirani, yeye nilimwita wewe. Mkwe wangu, mayu, yaani mama yake mzazi, alinisifia kwa hilo mpaka kwa wageni.

Nimelifikiria jambo lako siku zote hizi nikivuna. Kuna wakati nasema Bi Shamimu hajui mila zetu. Halafu nasema na mimi sijui vitabu, na nikilipa mtu kisha nisimsikilize nitakuwa nimelipia nini? Kijana wa stesheneri nilimsikiliza bila kufikiri, wewe nimekufikiria, kwa hiyo nakusikiliza.

Anaitwa Herman.

Nimeandika nikafunika na mkono Masalu asione. Sijui nilikuwa namficha nini, jina la baba yake lipo kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

Scolastika


Shinyanga,
6 Mei 2024

Mama Masalu,

Kimetoka. Nimesimama mtamboni tangu asubuhi mpaka wakafunga, kwa sababu ukigeuka tu wanakuwekea karatasi nyepesi. Jaladani kuna nyumba iliyoishia kwenye lenta na anga tupu juu yake, bibi harusi hayumo. Nimeweka namba yangu ya simu ukurasa wa ndani badala ya yako, ili shemeji yako asije akapokea yeye pale kichuguuni. Ikiita nitakuwa karibu, mimi sina pa kwenda.

Herman ameingia kila palipokuwa na Baba Masalu. Kitabu kimesimama. Kinasomeka kama kitu cha mtu anayejua anachosema, na kwa kweli nimehariri vitabu vya watu wenye shahada ambavyo havina nusu ya hicho.

Makasha yapo kwenye basi. Kazi uliyonilipia imekwisha. Kwa kawaida mteja hapa ananiaga, na simwoni tena. Wewe, kama hutajali, niandikie.

Shamimu


Ushetu,
26 Mei 2024

Bi Shamimu,

Shikamoo. Nimekipokea. Niliyabeba makasha kichwani moja moja kutoka barabarani, watu wakidhani nimenunua sabuni. Nilipofika nilifungua kasha, nikachukua kimoja, nikakaa nacho mlangoni bila kukisoma. Masalu alikisoma chote kwa siku mbili. Aliponirudishia aliuliza jambo moja, kama baba anakoroma kama yeye. Nikamwambia ndiyo. Kweli anakoroma.

Ritha alikuja akachukua makasha yote, nikabaki na nakala chache. Nyingine ameziacha Runzewe kwa mwenye duka la vifaa vya uchimbaji, zingine amekwenda nazo kambini. Hataki faida, anasema mtu akila kwake na kukaa mpaka jioni anampa bure.

Tumbaku imeanza kununuliwa. Wenzangu wanaomba soko liishe haraka walipwe, mimi naomba lichelewe. Huwezi kumwambia mtu jambo kama hilo, nakwambia wewe tu.

Na nitakuandikia. Wabeja sana, ndiyo asante ya kwetu.

Scolastika


Shinyanga,
20 Juni 2024

Mama Masalu,

Simu haijaita, yaani haijaita ile. Imeita ya mchungaji anayetaka maneno ya Yesu yawe mekundu, na ya bwana mmoja mstaafu anayedai picha yake jaladani imemzeesha. Kila ikilia naacha ninachofanya. Juzi niliunguza mchuzi. Fundi cherehani amenitania kwamba nimepata mchumba, nikamwacha aamini hivyo.

Nimezoea kukaa na vitabu vya watu wengine, nikivimaliza navisahau. Hiki chako sijakisahau. Njia ya kwako sasa naijua kama nimeshafika: nikishuka kwenye basi nisipite kule kwa zamani.

Una habari gani za Ritha?

Shamimu


Ushetu,
7 Julai 2024

Bi Shamimu,

Shikamoo. Ritha ameleta habari, kidogo nzuri na nyingi mbaya.

Nzuri ni kwamba kinasomwa. Anasema nakala moja imepita mikononi mwa watu mpaka jalada limetoka, wakalishona na uzi wa viroba. Jioni mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanakula. Wanacheka pale pa kuezeka, kama ulivyocheka wewe.

Mbaya ni kwamba hakuna anayemjua Herman. Ritha anasema kule mtu haji na jina la nyumbani. Ukifika unapewa la kazini, wengine wanaitwa kwa walikotoka, wengine kwa kilema, wengine kwa mambo ya kipuuzi. Mtu anaweza kuchimba na mwenzake miaka na miaka, akifa ndipo wanaulizana alikuwa nani. Mimi hili sikulijua, na sidhani wewe ulilijua.

Lakini sijakata tamaa. Hata wasimjue wao, yeye anajijua. Akikifungua tu atajijua.

Soko linafungwa mwisho wa mwezi. Wazee wamepanga kikao kiwe Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Shemeji amekuja kupima mahali pa kuweka turubai. Hakuwa na ubaya, aliniuliza kwa upole kama nina nguo nyeusi.

Scolastika


Shinyanga,
26 Julai 2024

Mwanangu,

Kaa kwanza ndipo usome. Barua hii nimeiandika na kuichana mara kadhaa, na kama ungekuwa na simu isiyosikilizwa ningekwambia kwa mdomo, ingawa sijui kama ningeweza.

Amepiga. Yu hai.

Nilipopokea nilisikia kelele za karasha, ile mashine yao ya kusaga mawe. Mwanamume akauliza, "Wewe ndiye mwenye kitabu?" Nikamwambia mimi ni mhariri. Akauliza kama ni kweli nyumba imeezekwa. Nikasema kweli. Akauliza aliezeka nani. Nikasema mkewe mwenyewe, kama ilivyoandikwa. Akauliza mtoto. Nikasema yuko kidato cha kwanza, anavaa viatu vikubwa kuliko mama yake. Akacheka kidogo. Mwanangu, nilipata matumaini pale, nilishika meza.

Ndipo akasema, "Na hili jina nani kaliweka?"

Nikamuuliza jina lipi, ingawa nilikuwa nimeshaelewa. Akasema, "Mama Masalu hajawahi kunitaja jina. Hata siku anajifungua, kwa uchungu wote ule, hakunitaja. Mwanamke anayemwita mume wake Herman, Herman, kitabu kizima, mbele ya watu, ameshamtoa moyoni. Au ana mwingine anayemwandikia."

Nilimwambia ni mimi. Nilimwapia kwamba jina nililiweka mimi, kwamba wewe ulikataa, kwamba uliandika Baba Masalu kuanzia mwanzo hadi mwisho na karatasi zako ninazo hapa. Akasema, "Wewe si umelipwa? Utasema unachotakiwa kusema." Nikamuuliza yuko wapi, akasema nisipige tena namba hiyo, akakata. Nimepiga kila siku tangu hapo. Haipatikani.

Mimi ndiye niliyekushauri na wewe ukanilipa kwa ushauri huo. Ulikuwa na alama moja ambayo yeye peke yake angeitambua, na mimi nikaifuta, nikaiita utaalamu. Sijui niseme nini. Naona aibu na nina majonzi, na siwezi kukupa pole kwa kitu nilichokifanya mwenyewe.

Nataka tukichape upya. Baba Masalu arudi kila mahali, kwa gharama yangu mimi, wala usibishe. Mtambo umekubali kuniingiza wiki hii. Ritha azisambaze kambi zilezile, tena haraka. Akikiona hicho cha pili ataelewa. Nijibu tu ndiyo, nianze.

Shamimu


Ushetu,
11 Agosti 2024

Bi Shamimu,

Shikamoo. Usikichape.

Barua yako niliisomea pale pale ofisi ya basi, nimesimama, watu wananipita na mizigo. Nilifurahi kwanza, nisikufiche. Yu hai, amecheka, ameuliza mtoto. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshachagua kuku wa kuchinja. Nimefika kwenye kile kisima ndipo yale mengine yakaniingia.

Usijilaumu. Ungeweka Baba Masalu angeshika jambo lingine. Angesema kwa nini nimeezeka bila yeye, au kwa nini nimetaja ufunguo ulipo watu wote wakajua. Humo ndani kuna njia, kuna mlango, kuna mtoto anayekoroma kama yeye. Mtu anayesoma kurasa zote hizo akakwama kwenye jina, alikuwa anatafuta pa kukwama. Mimi ningekuwa yeye ningesoma njia tu, nikafunga mzigo.

Kikao kilikaa Jumamosi ya kwanza, kama walivyopanga. Turubai lilikuwa limeshafungwa. Nilisimama nikawaambia, Herman yu hai, amepiga simu Shinyanga, msiba hakuna. Nililitaja jina mbele ya wazee, wengine wakainama. Mayu alilia kwa furaha, akaanza kupiga vigelegele, ikabidi watu wamnyamazishe kwa sababu alikuwa peke yake. Shemeji akauliza, kama yu hai anakuja lini? Nikasema haji. Akauliza kama amesema haji. Nikasema hakusema, lakini haji. Baadaye shemeji alifungua turubai mwenyewe, akaswaga mbuzi wakaondoka. Shamba wameniachia, maana mtu akiwa hai wao hawawezi kuligawa.

Jioni mayu alibaki. Hajui kusoma, akaniomba nimsomee. Nilimsomea mpaka pale Herman anapoondoka na begi la bluu, akaniambia rudia hapo. Nikarudia. Akaniambia tena. Alipolala nikamfunika.

Sasa nina jambo na sina wa kumuuliza ila wewe. Siku ile watu wakiondoka, mke mdogo wa shemeji alinishika mkono, akataka kunipa pole, akakosa la kusema. Alishangaa, na mimi nikashangaa naye. Mjane si mimi, mtu yu hai. Mtalaka si mimi, hakuna aliyeniacha kwa neno wala kwa karatasi. Mke nilikuwa mpaka nilipofungua barua yako. Nimetafuta kwa Kisukuma, nikamuuliza hata mayu kwa kuzunguka, hakuna. Kwa Kiswahili ndiyo kabisa sijui. Wewe umeishi na maneno maisha yako yote, na umesoma vitabu ambavyo mimi sitaviona.

Mwanamke wa namna hii anaitwa nani? Kama neno lipo, niandikie, barua uitume kwa basi la Kahama. Nitalipa.

Scolastika